Kundi la Volyumu Linapogoma Kuhamia Seva ya Pili

Klasta ya seva mbili, yaani seva zinazosaidiana kutoa huduma moja, hujengwa kwa ajili ya siku ambayo seva inayohudumia itaanguka, na mwenzake atatakiwa kushika kazi bila mteja aliye dirishani kuhisi kitu. Hitilafu nyingi zinazoiharibu siku hiyo huwa hazikuzaliwa siku hiyo. Huwa zimekaa kimya kwa majuma mengi kwenye seva iliyopumzika, ambayo hakuna anayeitazama kwa kuwa haina watumiaji, na hujitokeza pale tu inapoamriwa kupokea diski. Ndiyo maana mwongozo huu unamwomba fundi ageuze mazoea: dalili yoyote ya volyumu (sehemu ya diski inayogawiwa na programu ya LVM) kwenye klasta ianze kuchunguzwa kwenye seva ya akiba, amri ileile iendeshwe pande zote mbili, na majibu yalinganishwe mstari kwa mstari.

Mfano nitakaoutumia ni wa mpangilio unaofahamika huku kwetu. Chama cha akiba na mikopo cha wakulima wa kahawa kina seva mbili mjini Moshi, kibo na mawenzi, zilizounganishwa na kabati moja la diski kupitia njia zaidi ya moja, na fundi wake wa mifumo anakaa Arusha, umbali wa kilometa 80 hivi. Diski ya pamoja huonekana kama `/dev/mapper/mpatha`. Juu yake kuna kundi la volyumu (hifadhi ambamo volyumu hukatwa) liitwalo `vg_data`, lenye volyumu `lv_pgdata` kwa ajili ya data za hifadhidata ya PostgreSQL na `lv_wal` kwa ajili ya kumbukumbu za miamala. Pacemaker na Corosync, programu za kuendesha klasta, ndizo zinazoamua nani anahudumia. Mpangilio wa kuwasha ni kundi la volyumu kwanza, kisha mifumo ya faili, kisha anwani ya IP, kisha PostgreSQL yenyewe. Kuzima hufuata mpangilio huo kinyume. Kundi la volyumu lina mmiliki mmoja kwa wakati mmoja, na jina la mmiliki huandikwa ndani ya diski kama kitambulisho cha mfumo. Wakala wa Pacemaker aitwaye `LVM-activate`, akiwekwa katika hali ya `system_id`, hubadilisha jina hilo kila huduma inapohama.

Kundi halionekani kabisa kwenye seva ya akiba

Simu ya kwanza ya fundi kijana mara nyingi huwa hii: "Kaka, nimeingia mawenzi, nimeandika `vgs`, na `vg_data` haipo." Kabla ya kugusa chochote ni lazima ieleweke kwamba jibu hilo linaweza kuwa sahihi kabisa. Kundi linalomilikiwa na kibo ni kundi la kigeni kwa mawenzi, na amri za kuorodhesha huliruka bila kusema neno. Amri inayofaa ni `vgs --foreign -o+systemid`. Ikiwa inaonyesha `vg_data` pamoja na jina la kibo, hakuna tatizo, na mtu asithubutu kubadilisha umiliki kwa mkono wakati hifadhidata inafanya kazi upande wa pili.

Tatizo lipo ikiwa hata kwa amri hiyo kundi halionekani. Hapo endesha `lsblk` na `multipath -ll`. Diski isipoonekana humo, chanzo kiko nje ya volyumu: waya, swichi, au ruhusa kwenye kabati la diski ambayo ilitolewa kwa seva moja tu. Lakini ikiwa diski inaonekana vizuri na bado kundi halionekani, na seva zinatumia Red Hat Enterprise Linux 9 au ndugu zake, tazama orodha ya vifaa iliyo kwenye `/etc/lvm/devices/system.devices`. Katika toleo hilo LVM haisomi diski yoyote isiyoandikwa humo. Orodha hiyo ni ya kila seva peke yake: aliyeunda kundi akiwa kibo aliandikiwa kifaa upande wa kibo tu, na mawenzi haikupata habari. Dawa ni kuendesha `lvmdevices --adddev /dev/mapper/mpatha` kwenye mawenzi. Andika kifaa cha njia nyingi, yaani kile kinachojumlisha njia zote, usiandike njia moja kama `/dev/sdb`, kwa sababu njia hiyo ikikatika utabaki na kundi lisilo na mguu ilhali njia nyingine ni nzima.

Katika matoleo ya zamani, kazi hiyo hufanywa na kichujio ndani ya `lvm.conf`, na kosa huwa lilelile: kichujio cha seva moja kinaruhusu kile ambacho cha seva nyingine kinakizuia. Linganisha mafaili hayo mawili kwa `diff`. Hakikisha pia kwamba `system_id_source` imewekwa kuwa `uname` pande zote mbili, kisha endesha `lvm systemid` kila upande. Seva inayorudisha jibu tupu haina jina la kuandika kwenye diski, na wakala atakataa kuanza.

Diski iliongezwa, na sasa volyumu haiamki upande wa pili

Hili nitalikalia zaidi, kwa kuwa huwapata hata mafundi makini, na huwapata wakati ambao hawakugusa kitu kwa muda mrefu. Msimu wa malipo ya kahawa umekaribia, nafasi imeanza kubana, na msimamizi wa kabati la diski ameongeza ukubwa kutoka GiB 100 hadi GiB 200. Fundi ameingia kibo, amefanya diski isomwe upya, ameendesha `pvresize`, kisha `lvextend -r` ili volyumu na mfumo wa faili vikue pamoja. Kila kitu kimekwenda vizuri bila kuzima huduma hata dakika moja. Majuma kadhaa baadaye kibo inaanguka, na mawenzi inashindwa kuamilisha `lv_pgdata`.

Ujumbe utakaoukuta kwenye mawenzi unaeleza kisa chote kwa anayeusoma kwa utulivu. LVM inalalamika kwamba kifaa kina sekta 209715200, pungufu ya sekta 419430400 ambazo diski yenyewe imeandikiwa, na inauliza kama kifaa kilibadilishwa ukubwa. Kiini cha mfumo (kernel) nacho, ukikisoma kwa `dmesg`, kinasema kifaa ni kidogo kuliko kinachohitajika. Sekta 209715200 za baiti 512 ni GiB 100 kamili, yaani ukubwa wa zamani. Maelezo ya kundi yameandikwa ndani ya diski, kwa hiyo mawenzi inayasoma mapya; lakini ukubwa wa kifaa huwekwa na kiini cha mfumo cha kila seva katika kumbukumbu yake, na kile cha mawenzi kiliupima mara ya mwisho kilipowashwa. Hakuna aliyekiambia kipime tena.

Kinachowachanganya watu ni kwamba `lv_wal` inaweza kuamka bila shida huku `lv_pgdata` ikigoma. Volyumu ambayo vipande vyake vyote viko ndani ya GiB 100 za mwanzo haina kinachoizuia. Ile iliyorefushwa hadi eneo jipya ndiyo inayokataliwa. Hali hiyo humfanya fundi aamini kwamba `lv_pgdata` imeharibika, na akianza kutafuta zana za kurekebisha mfumo wa faili atakuwa ameelekea shimoni. Data ni nzima. Usiendeshe `pvresize` kwa kulazimisha ukubwa mdogo ili onyo liondoke, wala usirejeshe maelezo ya zamani ya kundi kutoka `/etc/lvm/archive`.

Uthibitisho ni amri moja pande zote mbili: `blockdev --getsize64 /dev/mapper/mpatha`. Upande wa kibo, kama bado inaweza kuwaka, itajibu 214748364800. Upande wa mawenzi itajibu 107374182400. Kisha, ukiwa mawenzi, pitia kila njia inayounda mpatha na uandike 1 kwenye faili la `/sys/block/sdX/device/rescan`, ukibadilisha sdX kwa jina la kila njia. Kwa diski za iSCSI, yaani zinazofikiwa kupitia mtandao, `iscsiadm -m session --rescan` hufanya kazi hiyo kwa mkupuo. Hakikisha njia zote zinaonyesha ukubwa mmoja kabla ya kuendelea, kwa sababu njia moja iliyosahaulika huzuia hatua inayofuata. Hatua hiyo ni `multipathd resize map mpatha`. Hakuna haja ya `pvresize` wala `lvextend` upande huu, kwa kuwa maandishi yalishawekwa na kibo. Maliza kwa `pcs resource cleanup`, ili Pacemaker isahau kushindwa kulikotangulia na ijaribu upya.

Kinga ni kuifanya hatua ya kusoma upya ukubwa kuwa ya seva zote kabla ya `pvresize` kuendeshwa kwenye yoyote. Tena, kwa kuwa mfumo wa faili wa XFS hauwezi kupunguzwa baada ya kukuzwa, ikiwa ndio unaoutumia ni busara kuongeza kidogo kidogo kwa kadiri ya haja badala ya kumeza nafasi yote mara moja.

Huduma haizimiki, na seva inakatiwa umeme na mwenzake

Hapa chanzo kiko kwenye seva inayohudumia. Umeamuru kuhama kwa utaratibu, kwa `pcs node standby kibo`, PostgreSQL imezimika vizuri, lakini baada ya muda kibo inazimwa ghafla kama imepigwa. Pacemaker imefuata kanuni yake: hatua ya kuzima ikishindikana, haiwezi kujua kama diski imeachiwa, kwa hiyo njia pekee ya kuwa na hakika ni kuitenga seva kwa kuizima. Kazi ya fundi ni kujua ni nini kilichong'ang'ania volyumu.

Ningeanza na nakala rudufu za usiku. Hati ya bakapu huunda nakala ya papo hapo (snapshot) ya `lv_pgdata`, huipachika (mount) kwenye saraka kama `/mnt/bakapu`, hunakili, kisha huifuta. Hati hiyo ikikatika katikati, nakala hubaki imepachikwa. Pacemaker haijui habari zake, kwa kuwa haikuwekwa chini ya uangalizi wake, na kundi zima haliwezi kuzimwa maadamu volyumu mojawapo ndani yake inatumika. Endesha `lvs` na utazame herufi ya sita ya sifa za kila volyumu: herufi `o` ina maana imefunguliwa. Kama umeshapachua mifumo yote ya faili ya klasta na bado kuna `o` kwenye safu ya nakala ya bakapu, umempata mhusika. Amri ya `findmnt` itakuonyesha ilipopachikwa. Wahusika wengine ni kontena lililoanzishwa wakati mfumo wa faili umepachikwa, likabaki na mtazamo wake wenyewe wa saraka, na saraka iliyogawiwa mashine nyingine mtandaoni kwa NFS.

Sababu ya pili, pale ambapo PostgreSQL yenyewe ndiyo haikumaliza kuzimika, ni muda. PostgreSQL yenye kumbukumbu kubwa huhitaji kuandika diskini kurasa zilizochafuka, yaani zilizobadilishwa kwenye kumbukumbu tu, kabla ya kuzima, na kabati la diski likiwa na kazi nyingine, uandishi huo huchukua muda mrefu kuliko kikomo kilichowekwa. Pima muda halisi wa kuzima mwisho wa mwezi, siku yenye kazi nyingi, kisha kikomo cha kuzima kiwekwe zaidi ya hapo kwa nafasi ya kutosha.

Volyumu imeamka pande zote mbili

Kati ya dalili zote, hii ndiyo inayoweza kumaliza data za watu, kwa hiyo iangaliwe hata pale ambapo hakuna anayelalamika. Endesha `dmsetup ls` kwenye seva zote mbili. `vg_data-lv_pgdata` inapaswa kuonekana upande mmoja tu.

Ikionekana pande zote mbili, kwa kawaida seva ya akiba iliiamsha wakati wa kuwaka, kabla Pacemaker haijaanza. Kuna njia mbili za jambo hilo kutokea. Kundi liliundwa kabla `system_id_source` haijawekwa, likabaki bila mmiliki, na kundi lisilo na mmiliki liko wazi kwa kila seva inayoliona. Au kundi lina mmiliki, lakini halikukatazwa kujiamsha lenyewe. Kwa hali ya kwanza, andika mmiliki kwa `vgchange --systemid` ukiwa kwenye seva inayohudumia. Kwa ya pili, endesha `vgchange --setautoactivation n vg_data`. Toleo lisilo na chaguo hilo hutumia `auto_activation_volume_list` ndani ya `lvm.conf`, ambamo huorodheshwa makundi ya ndani ya seva tu, likiwemo la mfumo wenyewe. Ukibadilisha `lvm.conf`, jenga upya picha ya kuwashia kwa `dracut -f`, la sivyo seva itawaka kwa maelekezo ya zamani. Hakikisha pia mifumo ya faili ya klasta haimo kwenye `/etc/fstab`. Kama volyumu iliamka upande wa akiba bila kupachikwa, izime na kuiwasha upya seva hiyo baada ya marekebisho. Kufanya hivyo ni salama kuliko kuziondoa volyumu moja moja kwa mkono.

Ikiwa imepachikwa pande zote mbili, zima seva zote mbili mara moja. XFS na ext4, mifumo ya faili ya kawaida, hazikuundwa kwa ajili ya seva mbili; kila moja huamini kwamba inaandika peke yake. Faili la `postmaster.pid` ambalo PostgreSQL hulitumia kuzuia kuanzishwa mara mbili hulinda ndani ya seva moja tu, kwa sababu namba ya mchakato inayoandikwa humo haina maana kwenye seva nyingine. Nakili diski nzima kama ilivyo kabla ya kuendesha `xfs_repair` au `e2fsck`, na jiandae kurejesha kutoka bakapu. Fedha za wanachama zinategemea uaminifu wa kurasa hizo, kwa hiyo hata mfumo wa faili ukionekana kupona, usiwafungulie makarani madirisha kabla hifadhidata haijakaguliwa.

Umeme umerudi, hifadhidata haijarudi

Umeme unakatika, jenereta inachelewa, betri za chumba zinaisha. Zipo hali mbili zinazofanana kwa nje.

Katika ya kwanza, seva moja tu imepoteza umeme, tuseme kwa sababu betri yake ilikuwa imechoka, na `pcs status` kwenye mawenzi inaonyesha kibo ikiwa `UNCLEAN`, yaani hali yake haijulikani. Mawenzi inajaribu kuitenga kibo kupitia kifaa cha usimamizi wa mbali kilicho ndani ya kibo, lakini kifaa hicho nacho hakina umeme, hakijibu, na mawenzi inaendelea kungoja. Tabia hiyo inaudhi, lakini ni sahihi, kwa sababu kutojibu si ushahidi wa kuzimika. Ipo amri ya `pcs stonith confirm kibo`, ambayo ni kiapo cha mtu kwamba seva imezimwa. Fundi aliye Arusha asiitoe kwa kukisia. Ampigie mtu aliye chumbani Moshi, amwombe achomoe nyaya zote mbili za umeme za kibo na asubiri mpaka ataje kwamba taa zote zimezimika, ndipo athibitishe. Tiba ya kudumu ni kuongeza ngazi ya pili ya kutenga kwa `pcs stonith level add`, ama kupitia kigawa umeme kinachodhibitiwa kwa mtandao, ama kwa `fence_mpath` inayoikatia seva ruhusa ya kuandika kwenye diski zenyewe.

Katika hali ya pili, seva zote zilizimika na ni moja tu iliyowaka. Inakaa bila kuanzisha chochote, na akidi, yaani idadi ya kura inayoruhusu klasta kufanya kazi, haijatimia. Klasta ya nodi (seva) mbili yenye `two_node: 1` huwasha pia `wait_for_all`, inayotaka nodi zote zionane angalau mara moja baada ya kuwaka. Ukishajiridhisha kwamba nyingine haina umeme, `pcs quorum unblock` itaifungulia. Afadhali zaidi ni kuweka kifaa cha kura ya tatu kwenye ofisi ya Arusha, nje ya umeme wa chumba kile, ili akidi isitegemee jengo moja.

Volyumu imehama salama, PostgreSQL ndiyo inayokataa

Ikiwa kumbukumbu za PostgreSQL zinalalamika kwamba mmiliki wa saraka ya data si sahihi, endesha `id postgres` pande zote mbili. Mfumo wa faili huhifadhi namba ya mtumiaji wala si jina, na programu iliyosakinishwa kwa mpangilio tofauti hupewa namba tofauti. Sahihisha namba upande wa seva ya akiba. Usiende kubadilisha umiliki wa faili zote za data.

Ikiwa PostgreSQL inawaka bila ugomvi lakini mwanachama aliyekuwepo jana hapatikani kwa jina leo, linganisha toleo la glibc, maktaba ya msingi ya Linux, kwenye seva zote mbili. Toleo la 2.28, lililotoka mwaka 2018, lilibadilisha jinsi maneno yanavyopangwa, na faharasa za safu za maandishi zilizojengwa chini ya toleo la zamani husomwa vibaya chini ya jipya. Ndivyo inavyokuwa pale data zilizojengwa kwenye Red Hat 7 zinapofunguliwa kwenye seva ya Red Hat 8. Zikague kwa kiendelezi cha `amcheck`, zijenge upya kwa `REINDEX` zikiwa kwenye seva itakayoendelea kuhudumia, na usiirudishe huduma kwenye seva yenye toleo la zamani kabla nayo haijapandishwa.